Mswada wa mwigizaji uko kabatini: njia ya kuufikisha kwa mchapishaji, kisha kwenye skrini

Binti wa mwigizaji mmoja mkongwe aliniletea bahasha nene iliyofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na kurasa 412 ambazo mama yake aliziandika kidogokidogo kwa miaka 11, na ukurasa wa kwanza ulianza kama zinavyoanza kumbukumbu nyingi: mwaka wa kuzaliwa, majina ya wazazi, idadi ya ndugu. Nikasoma kwa subira hadi ukurasa wa 143. Hapo mama yuko nyuma ya pazia, usiku wake wa kwanza jukwaani. Mshonaji hakutokea, kwa hiyo gauni limeshikizwa mgongoni kwa pini tisa, na kila akivuta pumzi kwa nguvu, moja inamchoma. Mara anasikia mtu akikohoa safu ya tatu. Kikohozi anakijua. Ni cha baba yake, yule aliyeapa kwamba siku bintiye akipanda jukwaani hatamwita tena mwanawe.

Usiku uleule nilimpigia binti simu. "Dada, kitabu cha mama kinaanzia ukurasa wa 143," nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa tunakipeleka wapi? Na hawa watu wa filamu, tunawapata vipi?"

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na kwa kila aliye katika hali kama yake: mwigizaji mwenyewe, au mjane, mtoto, au mwanafunzi aliyeachiwa sanduku la karatasi. Kabla ya hatua yoyote, lishike hili: hadithi ni moja lakini haki zake ni nyingi. Kuna haki ya kuchapisha, ya kutafsiri, ya kitabu cha sauti, ya jukwaa, ya filamu na tamthilia. Kila moja ina mnunuzi wake. Makosa mazito niliyoyaona katika kazi hii yalitokana na mtu kuziachia zote kwa saini moja, kwa furaha ya kupata barua ya kwanza iliyosema "tumekubali".

1. Jua kwanza unauza nini

Tawasifu hueleza maisha yote, tangu kuzaliwa hadi leo. Kumbukumbu huchagua kipande: mwaka mmoja, uhusiano mmoja, kundi moja la maigizo na kuvunjika kwake. Tawasifu huuzwa na jina. Kama mwigizaji anajulikana hata na watu wasiotazama filamu, watanunua maisha yake yote. Kama jina halina nguvu hiyo, na waigizaji wengi hodari hawana, kinachouza ni kipande chenye moto.

Mfano ninaoutumia sana ni wa mwigizaji Mwingereza Peter Turner. Hakuandika maisha yake yote. Alishika siku chache za mwaka 1981, pale Gloria Grahame, nyota wa Hollywood aliyewahi kuwa mpenzi wake, alipokuwa mgonjwa sana na akauguzwa nyumbani kwa wazazi wa Turner mjini Liverpool. Kitabu chake, Film Stars Don't Die in Liverpool, kilitoka mwaka 1986. Filamu ilitoka mwaka 2017, Annette Bening akiigiza kama Grahame na Jamie Bell kama Turner. Hapo kuna masomo mawili. Kipande kidogo kilichoandikwa kwa ukaribu kilitosha kwa kitabu na kwa filamu. Na kati ya viwili hivyo ilipita miaka 31, kwa hiyo usipange maisha yako kwa kutegemea filamu.

Jipime hivi: mweleze mtu asiyekujua hadithi yako kwa sentensi moja. Ukijikuta unasema "ni safari ya maisha yangu katika sanaa", bado hujaipata. Kwa mswada wa yule mama tulihangaika wiki tatu hadi ikatoka: "Binti anapanda jukwaani kinyume cha kiapo cha baba yake, na kwa miaka sita baba anakuja kila usiku wa kwanza wa mchezo, anakaa safu ya tatu, anaondoka bila kumsemesha." Sentensi hiyo itakuhudumia kuanzia barua ya wakala, yaani anayekuuzia kitabu kwa wachapishaji, hadi mkutano na mtayarishaji wa filamu, kwa hiyo usiione wiki tatu kuwa nyingi.

Kuhusu urefu, kumbukumbu nyingi zinazochapishwa huwa na maneno kati ya 70,000 na 90,000. Mswada wenye 180,000 haujakomaa, na mhariri ataliona hilo kabla hajafungua faili. Cha kwanza kukatwa ni orodha: michezo uliyocheza, tuzo, majina ya waongozaji unaowashukuru. Ziweke mwisho wa kitabu, kurasa mbili zinatosha.

2. Hakikisha ni wako kuuza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili maneno yao yana uzito wa kisheria. Mnunuzi yeyote makini, hasa wa filamu, atataka kuona karatasi zinazoonyesha haki zimetoka kwa nani hadi kumfikia anayeuza. Mnyororo huo ukikatika sehemu moja, kampuni ya bima haitaikatia filamu bima ya makosa, ile inayoikinga ikishtakiwa, na bila bima hiyo wasambazaji hawaigusi.

Watu wengi huchanganya karatasi na hakimiliki. Kuwa na mswada mkononi hakukupi haki ya kuuchapisha. Hakimiliki ni ya aliyeandika, na akifariki huenda kwa warithi wake kwa wosia au kwa sheria ya mirathi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao leo una nchi wanachama zaidi ya 180, unaagiza kazi ilindwe angalau katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi, zikiwemo Uingereza, Ufaransa na Marekani, zimeongeza ikawa 70. Ulinzi huo huanza mara kazi inapoandikwa, bila usajili. Hata hivyo, kama nchi yako ina ofisi ya hakimiliki, sajili. Cheti hurahisisha mambo pale mtu anapobisha.

Kama mwigizaji amefariki na ameacha warithi wanne, unahitaji saini za wote wanne, au msimamizi wa mirathi mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba yao. Lifanyeni hili kabla pesa haijaonekana. Ndugu wanaopatana leo juu ya mswada usio na thamani huweza kugombana kesho mtayarishaji akibisha hodi.

Angalia pia vitu vilivyomo ndani. Je, kuna mtu alimsaidia mwigizaji kuandika, au alirekodi mazungumzo kisha akayageuza kuwa sura? Pasipokuwa na makubaliano ya maandishi, mtu huyo anaweza kuwa mmiliki mwenza. Picha za jukwaani kwa kawaida ni za aliyepiga au aliyemwajiri, hata kama sura iliyomo ni yako. Barua uliyoandikiwa ni yako kama karatasi, lakini maneno yake ni ya aliyeiandika. Beti za wimbo na mistari ya mchezo wa kuigiza nazo huombewa ruhusa, na wenye nyimbo huwa wagumu kuliko wote. Fungua daftari, andika kila kitu cha mtu mwingine, ukurasa kilipo, na mwenye nacho. Kisichoombeka, simulia kwa maneno yako mwenyewe.

3. Waliotajwa wanaweza kuishi jirani

Kumbukumbu za mwigizaji zimejaa watu: mwongozaji aliyemdhalilisha, mpenzi wa siri, mwenzake aliyekuwa akilewa kabla ya onyesho. Maeneo ya kuogopa ni matatu. La kwanza ni kashfa, yaani kumvunjia mtu heshima kwa jambo usiloweza kulithibitisha. La pili ni faragha: jambo linaweza kuwa kweli tupu na bado likakuletea kesi, kwa mfano ugonjwa wa mtu au mtoto aliyezaliwa kwa siri. La tatu husahaulika: mikataba ya kazi. Waigizaji wengi hutia saini vifungu vya usiri wanapoingia kwenye filamu au tamthilia, na baadhi ya vifungu hivyo huendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya kazi kwisha. Toa mikataba ya zamani, usome.

Katika nchi nyingi marehemu hawezi kukashifiwa kisheria, jambo linaloeleza kwa nini kumbukumbu nyingi husubiri. Lakini walio hai, pitia mmoja mmoja. Jiulize kama hadithi inasimama bila jina lake. Mara nyingi inasimama. Kubadilisha jina pekee hakusaidii kama kila aliyekuwepo atamtambua kwa kazi yake, lafudhi yake na gari lake. Badilisha na hizo. Mchapishaji mkubwa atampa mwanasheria asome mswada, ila usimwachie yeye kazi yote. Katika mikataba mingi mwandishi ndiye anayeahidi kwamba kazi haina kashfa, na ndiye anayebeba gharama ikibainika inayo.

Kwa wale uliowapenda, sheria kando, wape kurasa zinazowahusu wazisome kabla. Nimeona kaka aliyesoma aya tatu kumhusu akalia, kisha akasahihisha tarehe na kuongeza jambo ambalo mwandishi hakulijua. Sura ikawa bora mara mbili.

4. Tengeneza kifurushi

Vitabu vya ukweli kwa kawaida huweza kuuzwa kwa pendekezo kabla havijaandikwa vyote. Kumbukumbu ziko katikati. Kwa mtu maarufu pendekezo linatosha; kwa mwingine, mawakala wengi watataka mswada mzima. Ushauri wangu ni kuwa na vyote viwili tayari.

Pendekezo lina kurasa kama 20 hadi 40 bila kuhesabu sura za mfano. Linaanza na sentensi yako moja na maelezo ya kurasa mbili au tatu, yaliyoandikwa kwa sauti ileile ya kitabu. Kisha wasifu mfupi wa mwigizaji, unaojibu swali la kwa nini yeye tu ndiye awezaye kusimulia haya. Kisha wasomaji: usiseme "kila mtu", taja watu unaowaona, kama mashabiki wa tamthilia fulani, wanafunzi wa sanaa za maonyesho, mabinti walioasi baba zao. Kisha vitabu vitatu au vinne vinavyofanana na chako, vilivyotoka miaka mitano iliyopita, na jinsi chako kinavyotofautiana navyo. Kisha muhtasari wa kila sura, aya moja kwa sura. Mwisho sura mbili au tatu kamili, na zisiwe lazima za mwanzo. Weka ile ya pini.

Mwigizaji ana hazina nyingine: yeye mwenyewe ni mtangazaji wa kitabu chake. Ajuaye kusimama mbele ya watu, aliyezoea mahojiano, anayeweza kusoma kitabu chake cha sauti kwa sauti yake, ni faraja kwa mchapishaji. Liseme wazi kwenye pendekezo.

5. Kitabu kwanza au skrini kwanza?

Watu huniuliza hili kuliko jambo lolote, na jibu langu kwa kawaida ni kitabu. Kitabu kilichochapishwa kinampa mtayarishaji kitu cha kushika mkononi, kinaonyesha wasomaji wapo, na kinaweka hakimiliki yako mahali peupe. Mswada usiochapishwa humtaka mtayarishaji aamini mambo mengi kwa mara moja.

Ipo hali moja ambapo ningeenda kwenye skrini kwanza: hadithi inayotegemea picha na sauti zilizohifadhiwa, yaani filamu ya hali halisi. Kama kabatini pamoja na mswada kuna kanda za mazoezi, barua na picha za jukwaani, mtengenezaji wa filamu za aina hiyo atavutiwa na sanduku zima, na kitabu kinaweza kutoka sambamba.

6. Tafuta wakala au mhariri kwa jina lake

Anza kwa kutenganisha watu wawili. Wakala anayekutafutia kazi za kuigiza si wakala wa vitabu. Anaweza kukutambulisha, na hiyo ni baraka, lakini asiuze kitabu chako yeye mwenyewe isipokuwa ofisi yao ina dawati la vitabu.

Wachapishaji wakubwa wengi hawapokei mswada usioletwa na wakala. Wachapishaji wadogo, na vyombo vya uchapishaji vya vyuo vikuu, wengi wao hupokea moja kwa moja. Usiwadharau wa vyuo vikuu kama mswada una uzito wa kihistoria: shajara za mwigizaji Richard Burton, aliyefariki mwaka 1984, zilitolewa mwaka 2012 na Yale University Press.

Namna bora ninayoijua ya kupata majina ni ya bure. Nenda maktaba au duka la vitabu, chukua kumbukumbu za waigizaji zilizotoka karibuni, fungua ukurasa wa shukrani. Karibu kila mwandishi humshukuru wakala na mhariri wake kwa jina. Andika majina 20 au 30, kisha tafuta kwenye tovuti za ofisi zao wanapokea nini na kwa utaratibu gani. Akitaka kurasa 10, mpe 10. Akisema kwa barua pepe bila viambatisho, bandika chini ya barua.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Ile ya mama ilikuwa na mwili huu:

"Ndugu Mhariri, nakuletea kumbukumbu za mwigizaji wa jukwaa aliyefanya kazi hiyo kwa miaka 40. Zinaitwa Safu ya Tatu na zina maneno 82,000. Baba yake aliapa kumkana akiigiza. Usiku wa kwanza alipopanda jukwaani alimsikia akikohoa kwenye safu ya tatu, na kwa miaka sita akaja kila mchezo mpya ulipofunguliwa, asiseme neno. Kitabu kinafuata miaka hiyo sita, kundi la maigizo lililojengwa na kuvunjika ndani yake, na usiku ambao kiti kile kilikuwa kitupu. Mwandishi yu hai, anapatikana kwa mahojiano na amekwisha kusoma sehemu za kitabu mbele ya hadhira. Mswada mzima uko tayari. Haki zote ziko kwa mwandishi."

Sentensi ya mwisho ni fupi lakini wasomaji wa ofisini huiona.

Tuma kwa watu sita hadi wanane kwa mkupuo, wala si 30 kwa siku moja. Wakikataa wote kwa ukimya, barua au kurasa za mwanzo zina kasoro, na bado una majina ya kujaribu baada ya kurekebisha. Wakiomba mswada kisha wakakataa, kasoro iko ndani zaidi. Weka jedwali: jina, tarehe, ulichotuma, jibu. Subiri wiki 8 hadi 12 kabla ya kukumbusha, na kumbusha mara moja tu kwa upole. Chema chajiuza, husemwa, lakini mswada mwema ulio kabatini haujiuzi, hutembezwa.

Maonyesho makubwa ya vitabu kama ya Frankfurt, yanayofanyika kila Oktoba, ni soko la wachapishaji na mawakala kuuziana haki. Kwenda huko na mswada mkononi ni gharama isiyo na faida kwa mwandishi wa kwanza.

7. Akikuomba pesa, simama

Wakala wa kweli hulipwa anapouza. Kiwango kilichozoeleka Marekani na Uingereza ni asilimia 15 kwa mauzo ya nyumbani, na 20 kwa tafsiri na mauzo ya nje. Hakuna ada ya kusoma, wala ya "kusajili mradi". Mchapishaji wa kweli humlipa mwandishi. Anayekuambia mswada wako ni wa ajabu kisha anataka uchangie gharama za uchapaji ni muuza huduma, na anayejiita mchapishaji huku akificha hilo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Waigizaji huwindwa sana, kwa kuwa majina yao yako hadharani. Ujumbe wenye sifa nyingi unafika bila kuombwa, mtu anasema amesoma kuhusu kitabu chako na kampuni kubwa ya filamu inakitaka, ila kwanza ulipie muongozo wa filamu, yaani maandishi ya matukio na mazungumzo yake, au video ya kukinadi. Mtayarishaji anayeitaka hadithi hulipia muongozo mwenyewe. Kata mawasiliano.

Kama umechagua kujichapishia kwa pesa yako, ni uamuzi wa heshima kabisa. Mlipe mhariri, msanifu wa jalada na mchapaji kila mmoja kivyake, na ubaki na haki zako zote.

8. Soma mkataba wa kitabu kwa jicho la filamu

Nilikaa mezani na familia moja iliyokuwa imetafutwa na mtayarishaji kwa ajili ya kumbukumbu za baba yao. Kitabu kilikuwa kimechapishwa nakala chache miaka ya nyuma na hakikuwa kikiuzwa tena. Tukafungua mkataba. Kifungu cha tatu kilisema: "Mwandishi anamkabidhi Mchapishaji haki zote, katika miundo yote iliyopo na itakayobuniwa, kwa muda wote wa hakimiliki." Mchapishaji alikuwa amefunga shughuli na hapakuwa na wa kumwandikia. Mtayarishaji alisubiri miezi kadhaa, kisha akaenda kwenye hadithi nyingine. Mama mwenye nyumba alikunja ule mkataba taratibu akaurudisha kwenye mfuko wa plastiki, bila kusema kitu.

Kwa hiyo: usikabidhi hakimiliki, toa leseni. Taja lugha, eneo na muundo. Haki za filamu, tamthilia na jukwaa andika kwa maneno kamili kwamba zinabaki kwa mwandishi. Mchapishaji akisisitiza kuzisimamia, mgawo wake uwe mdogo, na ziwe na tarehe ya kurudi kama hajaziuza. Weka kifungu cha kurejeshewa haki kitabu kikiacha kuuzwa, na kipime kwa idadi ya nakala zinazouzwa kwa mwaka. Neno "kupatikana" peke yake halina maana siku hizi, maana faili la kidijitali hupatikana milele.

Kuhusu malipo, kianzio, yaani malipo ya awali ya mwandishi, hutolewa kwa mafungu, kwa kawaida matatu au manne: saini, kukabidhi mswada, kutoka kwa kitabu. Mrabaha, yaani mgawo wa mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, kwa wachapishaji wakubwa wa Kiingereza huanzia asilimia 10 ya bei ya jalada gumu, karibu 7.5 kwa jalada laini, na 25 ya mapato halisi kwa kitabu cha kielektroniki. Kwingine viwango hutofautiana, lakini swali la kuuliza ni lilelile: asilimia ya nini? Asilimia 10 ya bei ya dukani na asilimia 10 ya mapato baada ya makato ni pesa mbili tofauti kabisa.

9. Mlango wa skrini

Kampuni kubwa za filamu hurudisha au kufuta kazi zilizoletwa bila wakala au mwanasheria, bila kuzisoma, kwa kuogopa kushtakiwa baadaye kwa wizi wa hadithi. Usipoteze stempu. Lenga watayarishaji wa kujitegemea. Tazama filamu zinazofanana na hadithi yako, subiri majina ya mwisho, andika watayarishaji. Na hapa mwigizaji ana bahati ambayo waandishi wengine hawana: anawajua watu. Mwongozaji aliyefanya naye kazi, mwigizaji mwenzake ambaye sasa ana kampuni yake, hata fundi wa taa aliyepanda cheo. Waandikie hao kwanza.

Peleka kurasa chache: ile sentensi moja, muhtasari wa filamu wa kurasa tatu hadi tano uliosimuliwa kwa wakati uliopo, na sura moja. Muongozo kamili wa filamu huwa na kurasa kati ya 90 na 120, ukurasa mmoja ukikadiriwa kuwa dakika moja. Hutakiwi kuuandika wewe, labda kama ndio kazi yako.

Mtayarishaji akivutiwa, hatanunua papo hapo. Atakupa opsheni. Maana yake analipa kiasi kidogo, mara nyingi karibu asilimia 10 ya bei kamili, ili hadithi ishikiliwe kwa ajili yake miezi 12 hadi 18 huku akitafuta fedha, mwandishi na mwongozaji. Muda ukiisha anaweza kuongeza kwa malipo mengine, au haki zinarudi kwako na pesa aliyolipa inabaki yako. Bei kamili hulipwa mara nyingi siku ya kwanza ya kupiga picha za filamu. Opsheni nyingi huisha bila filamu kutengenezwa. Usione aibu ikikutokea. Unaweza kuuza opsheni nyingine kwa mtu mwingine.

Watayarishaji wasio na fedha huomba opsheni ya bure. Naikubali kwa sharti la muda mfupi, miezi 6 basi, na orodha ya watu atakaowapelekea. Opsheni ya bure ya miaka mitatu ni kufungia hadithi gerezani.

Mambo ya kupigania kwenye mkataba: bei kamili iandikwe tangu mwanzo, hata kama ni asilimia ya bajeti yenye kima cha chini na cha juu, jina la mwandishi na kitabu lionekane kwenye filamu, haki zirudi kama filamu haijatengenezwa ndani ya miaka fulani baada ya kununuliwa, haki ya kitabu, ya jukwaa na ya kitabu cha sauti zibaki nje. Haki ya kuamua filamu iweje hutaipata. Omba kushauriwa. Mtayarishaji pia atataka haki ya maisha yako, yaani ruhusa ya kukuigiza, kubadilisha matukio na kutokushtakiwa. Kaa na mwanasheria wa burudani kwa kifungu hicho, na kama kuna jambo hutaki lionyeshwe, mtoto wako kwa mfano, liandikwe kabla ya saini.

10. Jukwaa ni mlango pia

Barua za kukataliwa zikijaa, mwigizaji anarudi anakokujua. Mwigizaji Carrie Fisher alianza kusimulia maisha yake peke yake jukwaani mwaka 2006 kwenye onyesho aliloliita Wishful Drinking. Mwaka 2008 likawa kitabu, na mwaka 2010 HBO ikalirusha kwenye televisheni. Hadithi ileile, milango mitatu, na mlango wa kwanza haukuhitaji ruhusa ya mchapishaji. Dakika 40, kiti kimoja, taa moja. Ukikisoma kipande mbele ya watu utajua palipo baridi, na anayekaa nyuma ya ukumbi anaweza kuwa ndiye mhariri uliyemwandikia mara mbili.

11. Rekodi sauti sasa

Kama mwigizaji yu hai, fanya hili wiki hii. Mwigizaji Paul Newman na rafiki yake Stewart Stern walirekodi mazungumzo kuhusu maisha ya Newman kuanzia mwaka 1986 hadi 1991 kwa ajili ya kitabu. Baadaye Newman alizichoma kanda. Maandishi ya mazungumzo hayo yakabaki, maelfu ya kurasa, na mwaka 2022, miaka 14 baada ya kifo chake, yakazaa kitabu pamoja na mfululizo wa filamu wa Ethan Hawke. Lakini sauti ilikuwa imeteketea. Kwenye mfululizo huo maneno ya Newman yanasomwa na George Clooney.

Simu nzuri na chumba kilichotulia vinatosha. Funga madirisha, weka simu juu ya kitambaa isitetemeke, rekodi sura moja kwa kikao, hifadhi nakala sehemu mbili tofauti. Rekodi hiyo ni mfano wa kitabu cha sauti, ni malighafi ya filamu ya hali halisi, na ni ushahidi wa nani alisimulia nini.

Binti alifanya hivyo Jumapili moja mchana. Alinitumia dakika nne. Mama anasoma ukurasa wa 143 polepole, pini tisa, pazia, ukumbi uliojaa. Akifika pale baba anapokohoa, hasomi. Anakohoa mwenyewe, mara mbili, kwa sauti nzito ya mwanaume, halafu kinafuata kimya kirefu kabla ya kuendelea.